Pembe za Mlango wa Igamba

Jumatatu, 3 Machi
Randa asubuhi, randa mchana. Maranda hadi kwenye chai. Bosi wangu, Mzee Simbeye, amerudi karakana hapa Mpemba na kazi ya kanisa la Igamba: mlango wenye upinde juu. Ukuta waumini wameujenga wenyewe kwa macho. Bega la kulia limepanda, la kushoto limelala. Kamba na msumari havifai, vinatoa duara tu. Mzee anakuna kichwa. Nikamwambia niachie mimi. Kidato cha pili niliishia, ila kichwa ninacho.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima Igamba. Alama tisa kwenye ukingo wa ukuta. Nimezichora kwa chaki sakafuni, nikaziunga kwa rula. Ikatoka kama paa la banda la nguruwe, pembe tupu. Sasa ufundi. Kila mstari unaugawa sehemu nne, unatia nukta robo ya kwanza na robo ya mwisho, unaunga nukta. Pembe inadondoka. Unarudia. Mara ya nne jicho halioni pembe tena, laini kama shingo ya bata. Njia hii nimeiona kwenye simu, jamaa anachora magari. Lusajo, mwanafunzi mwenzangu hapa karakana, nimemwambia nimebuni mwenyewe. Kaamini, masikini. Ndiyo maana bado anapiga msasa.

Jumatano, 5 Machi
Mzee kasema nianze na kielelezo cha plaiwudi, nikakijaribu ukutani. Mambo ya kizee. Alipokwenda mpakani kununua bawaba nikakata mbao za mninga moja kwa moja.

Mbao hizi kila familia ya Igamba imetoa ubao mmoja. Majina yao yameandikwa nyuma kwa penseli.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Nimeubandika upinde mbele ya watu, umepwaya. Mabegani vidole vitatu vinaingia. Mwashi mmoja akapiga kelele, "Fundi, hapo popo atapita na wakwe zake!" Wakacheka hadi akina mama wa kwaya. Mzee hakucheka. Alisema polepole, "Jumapili ni ibada ya kufungua. Mlango usipokaa, Jumatatu unarudi kwenu Ibaba ukalime viazi."

Mbao zilizobaki zinatosha upinde mmoja. Nikikosea hakuna tena. Nimeharibu mbao za familia nne. Nimeyasoma majina. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Sijala. Nimechora upya kuanzia asubuhi. Kila nikikata pembe, mchoro unaingia ndani. Lazima uingie! Alama za ukuta nilizifanya pembe, halafu nikazikata. Mjinga mimi.

Nikakaa chini nikautazama mstari mmoja tu. Kata mara moja, kata mara kumi, katikati yake haiguswi. Ipo palepale. Basi alama za ukuta zikae katikati ya mistari, pembe zisimame nje.

Nimelaza fito tisa sakafuni, katikati ya kila ufito juu ya alama, ncha zikutane kwa nje. Ukisogeza mmoja, wa jirani unahama. Magoti yamechubuka. Zilipokubali nikaanza kukata pembe. Mchoro ukapita kwenye alama zote tisa. Nikapiga ukelele. Lusajo akaja mbio na kitambaa, alidhani nimekata kidole.

Jumamosi, 8 Machi
Plaiwudi kwanza. Ndiyo, mzee alikuwa sahihi, naandika hapa tu, simwambii. Nimeipeleka Igamba kwa bodaboda, imekaa. Nikarudi kukata mninga. Mzee kashika ncha ya ubao, "Taratibu, baba." Nilitaka kumjibu utani. Nikainamia msumeno. Nilikata mwendo wa konokono, na kila msumeno ulipokwama moyo nao ulikwama.

Jumapili, 9 Machi
Tuliubandika mapema, kabla ya watu. Umeingia. Nikapitisha kiganja kuanzia kulia hadi kushoto, hakuna pembe. Bega la kushoto kuna upenyo, ukucha unaingia. Nimeuona. Mzee ameuona. Akachanganya unga wa mbao na gundi, akaniachia nizibe mimi.

Mama mmoja, jina lake lilikuwa kwenye ubao nilioharibu, alinishika mkono akasema asante, mwanangu. Nikamwambia ukweli, ubao wake niliuharibu. Akaniambia niingie, ibada inaanza.

Nimekaa benchi moja na Mzee. Kesho kuna madirisha mawili ya mtu wa Mpemba. Ya mraba.