Kuku Tisa Kutoka Vizimbani

3 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika, lakini hayo kulalamika ni kazi yao. Wewe je? Yale mafua yameisha? Unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa?

Simu yako ya Jumapili sikusikia hata nusu. Masikio yangu na simu havipatani, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa nikupe habari, nawe usicheke. Nina wageni tisa. Wiki iliyopita nilikwenda kupeleka ovaroli nilizowashonea wafanyakazi wa lile shamba la mayai nje ya mji, nikakuta wanatoa kuku vizimbani. Wametaga mwaka na nusu, wamechoka, basi wanatolewa wote kwa siku moja. Lori la mchinjaji lilipojaa, wakabaki tisa. Msimamizi akasema hao watanyongwa hapo hapo. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Nipe mimi."

Hawana manyoya shingoni, na kucha zimerefuka mpaka zimejikunja. Nilifungua mlango wa banda, hakuna aliyetoka. Siku mbili nzima walisimama kizingitini wakiutazama ua kama watu walioambiwa na karani wasubiri. Siku ya tatu akatoka mmoja. Huyo nimemwita Mkaguzi, maana hapiti mahali bila kuchungulia kila kitu. Yule aliye uchi kuliko wote nimemwita Bi Harusi.

Wewe ndiye mtaalamu wa kuku katika ukoo huu, nielekeze. Na mkataba wako unaisha Juni, sijasahau. Mara mbili umesema unarudi, mara mbili umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka sita ni mingi, baba.

Mama yako


20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, na nakula nimekaa. Pole na magoti.

Nimecheka, samahani. Nilimsomea mwenzangu wa chumbani, akasema, "Mama yako amefungua nyumba ya wastaafu." Huku tuna kuku elfu sitini na hakuna hata mmoja mwenye jina.

Mama, hao hawana faida tena. Ila kama umeng'ang'ania, weka taa bandani, iwake saa kumi na sita kwa siku, wataanza tena kutaga kidogo. Wape dawa ya minyoo. Usiwachanganye na kuku wa jirani mpaka mwezi uishe.

Juni narudi. Safari hii sitanii. Jioni nikiingia chumbani najikuta natega sikio nisikie cherehani chako, halafu nakumbuka niko wapi.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba unakaa ukila.

Taa siweki. Wamewashiwa taa za kutosha maishani mwao, sasa nataka walale. Wakitaka kutaga watataga, wasipotaka basi, sikuwaajiri.

Lakini kuna jambo linaninyima raha. Walikuwa wanakonda. Kila asubuhi nafagia ua mpaka unang'aa, kama mama yangu alivyonifundisha, namwaga mtama, nao wanakimbilia, wanadonoa, wanadonoa, na mtama uko pale pale. Nikadhani wanaringa. Nikadhani labda uchafu unawaudhi, nikazidi kufagia, ua ukawa mgumu kama sakafu. Wiki mbili nimewashindisha na njaa mbele ya chakula, kwa usafi wangu! Jana ndipo nikamshika Bi Harusi, nikavaa miwani ya kutungia uzi, nikamtazama vizuri. Mdomo wake wa juu umekatwa. Haukuvunjika, umekatwa, tena sawasawa, kwa kitu cha moto. Nikawashika wote. Tisa.

Mwanangu, nani anayefanya kazi hiyo? Nani anaamka asubuhi, anakaa kitako, anakata midomo ya kuku?

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, hayo mengine sijui.

Chukua karai lenye kina, ujaze chakula mpaka juu, ukiloweshe kidogo. Mdomo uliokatwa hauwezi kuokota punje kwenye ardhi ngumu, lakini unaweza kuchota. Na acha kufagia. Yaache majani na vumbi, wachakure. Watanenepa.

Umeuliza nani. Ni mimi. Si hao wako, lakini ni mimi. Nilipofika huku ndiyo kazi niliyopewa. Miaka miwili nilikaa mbele ya mashine yenye kisu cha moto. Kifaranga, sekunde mbili, kifaranga mwingine. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, ndiyo sababu wakanipandisha cheo. Wewe nilikuandikia kwamba nawapa chanjo, nikakuacha utambe kwa majirani kuwa mwanao ni daktari wa kuku. Wanakatwa ili wasidonoane, na wanadonoana kwa sababu wamebanwa. Nilijua hivyo tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nanawa mikono, naenda kula.

Sikutaka uyajue haya. Sasa unayajua.

Mwanao


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Karani akigawa barua mimi nasimama nyuma ya wenzangu ili asione nina haraka. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika, hata mstari mmoja. Je, wamenenepa?

Mwanao


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika. Nimekuandikia barua nne nikazichana zote, maana zilikuwa na maneno ambayo mama hapaswi kuyaweka kwenye karatasi. Uongo wako uliniuma kuliko hicho kisu. Kisha siku moja nikiwa naweka vifungo nikakumbuka kwamba ovaroli za lile shamba nimezishona mimi, miaka tisa, na sikuwahi kuuliza hata mara moja mle ndani kuna nini. Basi tumekaa benchi moja, mimi na wewe. Yaishe.

Wamenenepa. Bi Harusi ameota manyoya mekundu, ana maringo hayo! Juzi alijilaza ubavu vumbini, akanyoosha bawa moja mpaka mwisho, macho kayafumba. Nikajua anakata roho. Nilipiga ukelele, jirani akaja mbio na sufuria mkononi. Kumbe mwenzetu anaota jua.

Jioni walikuwa hawajui kupanda kulala. Nilikuwa nawabeba mmoja mmoja nawaweka juu ya ufito, wanashuka, nawarudisha, wanashuka. Wiki tatu. Sasa sita wanapanda wenyewe.

Nimemfungua Bi Harusi mbawa zote mbili nikampima kwa futi yangu ya kushonea. Inchi thelathini, ncha kwa ncha. Uzi niliouweka humu ndio urefu huo. Kapime vizimba vyenu.

Kisha uje nyumbani. Sikukuzaa ili nikusome. Wiki iliyopita nimemkatia mteja suruali kwa kipimo chako, mtu mfupi, mnene, akaivaa mguu mmoja ukagoma. Nimekukumbuka kiasi hicho.

Mama yako


10 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Mpe pole yule wa suruali.

Uzi niliupeleka. Mwenye shamba alikuja kukagua, nikaunyoosha mbele ya kizimba akiwa anatazama. Kizimba kimoja kinakaa kuku wanne, na uzi wa kuku mmoja ukatokeza nje pande zote mbili. Akaniuliza hiki ni nini. Nikamwambia, "Ni kuku mmoja, mzee. Mama yangu ndiye aliyempima." Akauzungushia kidoleni, akaondoka nao. Wenzangu wakasema nimejifukuzisha kazi.

Haidhuru, kwa sababu sitii saini tena. Ofisini nimekwisha kuwaambia, godoro langu nimekwisha kuligawa. Natoka huku tarehe 8 Julai, nafika kwako tarehe 14. Tutaongeza banda, mama. Tutafuga kuku wachache wenye nafasi, tusiwakate chochote, na wakizeeka wazeeke. Nipime upya nikifika, nimekonda.

Mwanao


6 Julai

Mwanangu,

Barua hii haitakukuta, utakuwa njiani. Naiandika kwa sababu mkono umezoea, na kwa sababu nina furaha na sina wa kumwambia ila kuku, nao wamechoka kunisikiliza.

Chumba chako nimekipiga chokaa. Seremala amekikaza kile kitanda kinacholia. Nimenunua kitambaa cha kijivu, sikikati mpaka ufike. Jirani ananicheka kwamba nimetoka kwenda barabarani mara nne leo na siku zenyewe bado nane.

Kuna jambo ambalo uso kwa uso sitaweza kulisema, ndiyo maana nalisema hapa ambapo hutalisoma. Miaka hii sita, kila jioni nikifunga mlango, nilikuwa nachelewa kidogo kutia komeo. Nilijua huji, hata hivyo nilichelewa. Nashukuru hayo yamekwisha.

Mama yako


29 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikuta.

Tarehe 7, begi langu likiwa mlangoni, mwenye shamba aliniita. Uzi wako ulikuwa mezani kwake. Akasema atang'oa vizimba vyote vya banda la tatu, kuku elfu mbili watembee chini na wapande wanapotaka, na vifaranga wapya wasikatwe midomo. Ila watu wake hawajui kuku aliyetoka kizimbani afanyiwe nini. Akaniambia, "Wewe unajua. Ukiondoka, vizimba navirudisha." Mama, ninachokijua chote nimekisoma kwenye barua zako. Nimetia saini. Mwaka na nusu.

Nilikupigia tarehe 13. Ulipokea ukaniuliza, "Umefika wapi?" Nikakuambia, ukasema husikii, ukauliza tena, "Umefika wapi, baba?" Nikakata simu. Sina la kujitetea.

Na nina la kuuliza, ingawa sistahili. Jioni wanarundikana kwenye kona moja. Juzi wamekufa kumi na wawili kwa kukosa hewa. Kwenye fito hawapandi. Wewe ulifanyaje hasa?

Mwanao


25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Wabebe. Hakuna njia nyingine. Ingieni watu wengi kabla jua halijazama, mmoja mmoja, miguu yote miwili juu ya ufito, na usimwachie mpaka uhisi vidole vyake vimekamata. Akishuka, mrudishe. Kesho tena. Kona zizibe kwa majani makavu wasipate pa kujisukumia. Fito za kwanza ziwe chini, usawa wa goti. Wala usiwapigie kelele.

Tarehe 14 nilikaa nje tangu asubuhi. Wateja walikuja nikawaambia leo sishoni. Gari la mwisho lilipopita nikajua umekufa njiani. Siku mbili nililia hivyo, mpaka jirani akapiga simu ofisini kwenu, wakamjibu kwamba uko kazini. Uko kazini! Nilimshukuru Mungu, kisha nikakukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Ulichofanya ni kizuri. Naandika hivyo na mkono hautaki. Kuku elfu mbili hawakuwa na mtu, na mimi ndiye niliyekutumia uzi. Lakini nimeumia, mwanangu, na sina haja ya barua ya kunibembeleza.

Niulize kuhusu kuku, nitakujibu kila swali. Ila usiniandikie tena kwamba unakuja, wala usinitajie tarehe. Siku ukija, njoo tu.

Mama yako