Meza ya Mama Katika Nyumba Isiyo na Moshi

Molle Pata,
siku chache baada ya Watakatifu Wote

Mdogo wangu mpendwa Abelino,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima wewe, mkeo Marlene na watoto, na kwamba baridi ya huko Uhispania haijaanza kukutafuna mifupa. Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma mvua ikikaribia, ng'ombe mweusi amezaa, na mahindi ya bondeni tumeshapanda. Mzee Severo anakusalimu, Bi Tomasa anakusalimu, na yule mbwa wako kipofu naye angekusalimu kama angekuwa anakukumbuka. Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa kitako.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikifungua mdomo tu, unasema uko kazini. Binti wa mwalimu anakuja huko, nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi, uisome ukiwa huna pa kukimbilia. Ujumbe wako wa sauti niliusikia, ule wa kuuliza ni nani aliyekuaibisha mbele ya watu kwa kuibomoa meza ya mama. Ni mimi, dada yako. Na sijatubu. Video ya Hilarión umeiona mpaka pale inapokatika, nami nitakueleza yaliyotangulia na yaliyofuata.

Wewe umezaliwa hapa, hufundishwi. Marehemu tunamwekea meza miaka mitatu, kisha basi. Anafika adhuhuri ya siku ya Watakatifu, anashiba harufu ya vyakula alivyovipenda, anawasikia watu wakimwombea na kumtaja jinsi alivyokuwa, na kesho yake adhuhuri anakwenda zake. Mama alikufa mwezi wa pili, na kumzika hukuja. Hii ilikuwa meza yake ya kwanza. Basi wewe, kutoka ng'ambo ya bahari, ukaagiza meza iandaliwe na shemeji yako Hilarión, kaka yake Marlene, muuza televisheni wa mjini, ambaye mama alikuwa akimwita "yule kijana wa viatu." Tena iandaliwe ndani ya jumba lako la ghorofa tatu lenye vioo vya bluu!

Abelino, mama aliingia lini katika jumba lile? Nikukumbushe. Siku lilipokwisha kujengwa alilizunguka mara moja, mikono mgongoni, akamuuliza Hilarión kuku watalala wapi na moshi utatokea wapi. Hilarión akamwambia kwamba nyumba ya kisasa haina moshi. Mama akasema nyumba isiyo na moshi haina watu, akageuka akarudi kwenye mitungi yake, na kizingiti chako hakukivuka mpaka anakufa. Sasa roho ya mtu irudi kutoka huko iliko, imechoka, ina kiu, halafu iende kupiga hodi nyumba isiyoijua? Hata mbuzi hurudi zizini kwake.

Nilikubali, ndiyo. Nilijiambia kwamba ndugu wawili hawagombanii maiti. Nikavaa sketi yangu nyeusi, nikaenda kukaa kwenye viti vyako ambavyo bado vina nailoni za dukani.

Kitu cha kwanza kilichonichoma ni picha. Abelino, umemtia mama meno! Uliwapa watu huko wamtengeneze, wakampa meno meupe kama ya mchumba wa kwenye kalenda, wakafuta shavuni uvimbe wa majani ya koka aliyokuwa akitafuna kutwa, wakampaka weupe. Bi Tomasa, aliyelala nyumba moja na mama kipindi kizima cha baridi, alisogea, akatazama, kisha akaniuliza kwa upole kama marehemu ni wa upande wa shemeji.

Halafu vyakula. Keki ya duka, zabibu, soda za rangi tatu, mvinyo wa huko kwenu. Simbilisi wa kukaanga yuko wapi? Pilipili ya kusaga kwenye jiwe, ile iliyokuwa ikimtoa mama machozi huku akisema haijakolea, iko wapi? Sigara yake? Na chicha, Abelino, ile pombe yake ya mahindi! Mama alipika chicha tangu hajaota matiti mpaka wiki aliyoanguka. Bonde zima liliangalia kama bendera nyeupe imepanda kwenye mti wa mlangoni kwake, lijue leo kuna kinywaji. Hilarión akaniambia kwamba umekataza. Kwamba kuna wenzako wa huko wataitazama video, na hutaki wajue mama yako alikuwa muuza pombe.

Mikate nayo niliitazama, ile ya kufinyangwa maumbo kwa ajili ya marehemu. Ngazi ya kushukia roho ilikuwepo, farasi wa kumbebea mzigo alikuwepo. Lakini mkate wa mama mwenyewe, ule wa umbo la mtu, wewe uliamuru ushike mkoba. Mkoba! Mama yetu alishika mwiko mrefu kuliko yeye.

Watu wakaja na mifuko yao, wakasali, wakapewa mkate, kama kawaida. Kisha Hilarión akawasha simu, akasoma maisha ya mama uliyoyaandika wewe. Kwamba Nicolasa Claros alikuwa mkulima na mama wa nyumbani, mtulivu, mcha Mungu, hakuwahi kugombana na mtu wala kugusa kileo. Mzee Severo alikohoa mpaka akapigwa mgongo. Alipopata pumzi akauliza kama wamekosea nyumba, maana yeye amekuja kwa msiba wa Nico.

Adhuhuri ikafika. Unajua tunavyonyamaza wakati ule, kila mtu akitega sikio kwa upepo kidogo, mshumaa kutikisika, chochote cha kuonyesha kwamba roho imefika. Madirisha yako hayafunguki, kwa hiyo upepo haukuwepo. Lakini kwenye upenyo wa mlango aliingia nzi mmoja, mkubwa, wa kijani, mwenye kelele. Akazunguka chumba, akapita juu ya keki bila kutua, akapita juu ya soda, akaja akatua kwenye picha, hapo hapo kwenye meno. Watu wote wakavuta pumzi. Bi Tomasa akapiga magoti, akasema, "Karibu, mama, umechelewa, njia ilikuwa mbaya?" Nilianza kulia, Abelino, sitakuficha.

Na shemeji yako, kwa kuwa nzi anaharibu video, akachukua kopo la dawa ya wadudu akampulizia.

Kelele aliyopiga Bi Tomasa umeisikia, maana ndipo video inapokatika. "Umempulizia dawa Bi Nicolasa! Umemuua mara ya pili!" Hilarión akajitetea kwamba ni nzi tu. Mzee Severo akamjibu kwamba na yeye Hilarión ni Hilarión tu, lakini hakuna aliyempulizia. Nzi alikuwa chini, chali, anazunguka kama pia. Nilimwokota kwa ukingo wa shali yangu. Nikachukua na picha, pamoja na meno yake, nikatoka. Sikumwambia mtu yeyote anifuate. Nilipofika kwenye mfereji wa maji nikageuka nikaona wote wako nyuma yangu, na mikate wameibeba, na farasi, na ngazi. Keki walimwachia Hilarión.

Tukaingia jikoni kwa mama. Tangu afe sikuwa nimebadilisha kitu. Masizi yaleyale, mitungi ileile, na nzi wasiohesabika, kila mtu akachagua wa kwake akamsalimu. Niliyembeba mimi nilimweka kwenye ukingo wa mtungi. Akatikisa mguu, akatulia kidogo, akaruka akajiunga na wenzake. Usicheke. Au cheka, mama angecheka.

Pale ndipo mama alipotajwa, bila simu. Mzee Severo alivua kofia akaonyesha kovu la mwiko, la mwaka ule alipokuwa mgawa maji ya mashamba akampa zamu ya mjane mmoja mtu mwenye ng'ombe wengi. Alisema kwamba kabla ya mwiko alikuwa mgawa maji mbaya, na baada ya mwiko hakuna aliyewahi kumlalamikia. Bi Tomasa akasimulia jinsi alivyokimbia kipigo usiku, mama akamlaza nyuma ya mitungi, na mumewe akanyimwa chicha katika bonde zima mpaka alipopiga magoti barabarani mchana kweupe. Akasema mume wake aliogopa kiu kuliko alivyomwogopa Mungu. Mwingine akakumbusha siku ya mgomo wa kufunga barabara, mama alipoweka mtungi katikati ya njia, akaukalia, akayaambia malori yapite juu yake kama yana haraka.

Na mabaya yake yakasemwa pia, maana asiye na baya ni yule usiyemjua. Kwamba walevi aliwatilia maji kwenye chicha yao. Kwamba matusi yake yaliwafundisha kuongea watoto waliochelewa kusema. Kwamba hakumsamehe dada yake mpaka kaburini, kwa ajili ya jogoo. Tulicheka mpaka majirani wenye meza zao wakaja kuchungulia, wakakaa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Hilarión hakukwambia, kwa sababu hakuwepo.

Katikati ya vicheko, Bi Tomasa, kwa mazoea tu, alitoka akapandisha bendera nyeupe. Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakakatika, maana bendera ikipanda chicha lazima iwepo. Mama hakuwahi kupandisha bendera ya uongo hata siku moja, na jikoni hapakuwa na tone. Wote wakanitazama. Na wote, Abelino, wakaacha kunitazama wakatazama pembeni, kwenye kona, kwenye ule mtungi uliozikwa mpaka shingo.

Mtungi wako. Ule alioujaza asubuhi uliyoondoka, akauziba kwa udongo, akasema hautaguswa mpaka siku utakapoingia mlangoni. Hata sikukuu ya Bikira, chicha ilipokwisha na vijana wakambembeleza, aliwaonyesha mwiko. Kila mwaka udongo ulipopasuka aliukandika upya. Wiki aliyokuwa kitandani aliniuliza kila asubuhi kama udongo wa Abelino haujapasuka, na mimi nikamwambia haujapasuka.

Nilichukua mwiko wake nikauvunja udongo ule. Nilichota, nikamwaga kidogo chini kwa ajili ya ardhi, kidogo kwa ajili ya mama, nikanywa.

Ilikuwa siki. Siki kali, Abelino, ya kupasua koo. Nikampa Mzee Severo, akanywa akafumba macho, akampa mwenzake. Kibuyu kikazunguka jiko zima, na hakuna aliyetema. Niliona haya, nikawaambia kwamba maskini mama hakujua. Ndipo Bi Tomasa akanitazama kama anavyotazamwa mjinga. Akaniuliza mimi ni binti wa nani. Akasema kwamba chicha haimalizi mwaka, kila mtoto wa bonde hili anajua, sembuse Nicolasa. Mama alikuwa ameshamwambia zamani, wakati akikandika udongo ule, kwamba ndani ni siki tangu msimu wa kwanza. Bi Tomasa alimuuliza kwa nini basi haimwagi. Mama akamwambia aende akapepete mahindi yake.

Alijua. Miaka yote hiyo alikandika udongo juu ya siki, akijua. Na wewe unamwandika mama wa nyumbani, mtulivu! Unamfuta koka shavuni, unamnyang'anya mwiko unampa mkoba, ili watu usiowajua wasijue! Ninajua walikucheka sekondari mjini, walikuita mtoto wa mtungi. Nilikufuta machozi mwenyewe. Lakini wao walikucheka wewe, Abelino. Mama alikukosea nini? Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na mimi nilidhani wanasema watu wa mbali. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi, uone mwenyewe.

Siki iliyobaki Bi Tomasa anatilia vitunguu. Anasema hajawahi kupata nzuri kama hiyo.

Mama amebakiwa na meza mbili. Mwakani nitaiweka jikoni, na picha itakuwa ya kitambulisho, isiyo na meno. Ukituma maagizo tena nitamfungia Hilarión nje pamoja na kopo lake.

Nisalimie Marlene, sina ugomvi naye. Wabusu watoto, na waambie bibi yao alipika chicha iliyosimamisha malori. Mzee Severo ananiambia niongeze kwamba kovu lake linakusalimu. Jikinge na baridi, vaa soksi za sufu nilizokufumia.

Ufunguo wa jumba lako anao Hilarión. Jikoni kwa mama hakuna ufunguo, mlango haujawahi kufungwa.

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia,
Casimira