Bipu ya Tatu Ilipopokelewa

Shikamoo Shangazi Chaja,

Nimekuwa nikisoma majibu yako gazetini kila wiki, hata yale ya kava na chaja bandia yasiyonihusu, na sikuwahi kufikiri kwamba mimi na mvi zangu nitakuja kukuandikia, lakini naomba unisaidie, kwa maana jambo lilianzia kwenye simu na sasa limeingia mpaka chumbani kwangu.

Mimi ni fundi wa makochi. Mke wangu nilimpata dukani alikokuwa akiuza nyuzi na vifungo, nikawa naenda kununua uzi nisiouhitaji mpaka wenzangu wa karakana wakaniuliza kama nashona makochi au nafuma wavu. Siku hizo, Shangazi, wewe mwenyewe unazikumbuka, vocha ilikwanguliwa kwa sarafu pole pole isije namba ikachubuka, na ukishaiweka unaitunza kwa ajili ya msiba na ugonjwa, basi sisi tukapatana lugha yetu ya kubipu: moja, nimefika, mbili, toka nje, nipo hapa, tatu, nimekukumbuka. Sheria ilikuwa kwamba bipu haipokelewi, anayepokea ni mwizi wa salio, na mara moja nilipopokea kwa bahati mbaya alininunia siku mbili nzima.

Tukaoana, tukapata mabinti wawili, vocha zikawa rahisi, bando zikaja, lakini mwenzangu hakuacha. Kila siku saa nane mchana, akishamaliza kazi zake, anabipu tatu, na ile ya tatu huwa anaivuta kidogo, kama mtu anayeaga huku hataki kuondoka mlangoni. Mimi nambipu moja, ambayo ikiwa ya kujibu maana yake nimepata, naendelea kupiga misumari. Simu yangu ilikuwa ile ya vitufe, yenye tochi, namba tano imefutika kwa kubonyezwa, mfuniko wa nyuma umeshikwa na mpira kwa sababu betri imevimba, na nakiri kwamba naikumbuka simu ile kuliko hata pikipiki yangu ya kwanza.

Miezi miwili iliyopita mke wangu alikwenda kwa binti yetu mkubwa aliyejifungua, kumsaidia na mtoto. Huku nyuma kitinda mimba wetu akaniambia baba unatutia aibu, akaninunulia simu ya kioo pamoja na hedifoni ndogo zisizo na waya, zile za kuchomeka sikioni, na kwa kuwa mikono yangu ina gundi kutwa nzima akaitegesha simu ipokee yenyewe hedifoni zikiwa zimeunganishwa, nisihangaike kubonyeza. Nilifurahi sana, nisidanganye.

Kesho yake, siku ya kwanza kuzivaa karakana, nilizivua, maana nyundo ilikuwa inalia mpaka ubongoni, nikazitia kwenye mfuko wa aproni. Akaja jirani yangu anayeuza sponji, akaniuliza, "Shemeji harudi tu?" Nami, Shangazi, sijui shetani gani alinipitia, nikacheka nikamwambia, "Akae huko huko! Tangu aondoke nyumba imepoa, hakuna wa kuniuliza umetoka wapi. Na vile vibipu vyake vya kitoto, mtu mzima na mjukuu mkononi anabipu kama msichana wa shule, nimechoka navyo." Jirani akacheka, nikaongeza na mengine ili acheke zaidi, siyaandiki.

Jioni binti akapita karakana, akawa ananionyesha jinsi ya kuangalia simu zilizoingia. Tukaona za mama yake: ya kwanza haikupokelewa, ya pili haikupokelewa, ya tatu imepokelewa, dakika nne na nusu. Saa nane ile ile. Nilikaa chini kwenye sofa la mteja lisilo na sponji.

Leo ni siku ya tisa. Saa nane inafika, inapita, simu kimya. Nikipiga mwenyewe anapokea binti mkubwa, "Mama anamwogesha mtoto." Siku moja tu nilimpata, akaniambia, "Sisi wazima. Umekula?" nikajibu nimekula, akasema haya, akakata. Hakugomba, na mwanamke yule ninavyomjua angegomba ningelala usingizi. Sasa amemwambia kitinda mimba kwamba huenda akakaa huko mpaka mtoto atambae, na mtoto hata shingo haijakaza.

Naomba unijibu haya: huko kupokea yenyewe kunazimwaje? Nirudie simu yangu ya zamani, au imeshakuwa hatari? Na je, ni vibaya nikimwambia mke wangu kwamba ilikuwa redio, au kwamba vifaa hivi vya kisasa wakati mwingine vinachanganya sauti za watu? Naogopa harudi, Shangazi. Kule karakana, ikishafika saa nane, siwezi hata kushika nyundo.

Ni mimi,
Fundi Makochi

SHANGAZI CHAJA ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nikujibu kwanza ulichouliza, maana ndicho ninacholipiwa.

Fungua mipangilio, ingia sehemu ya simu, tafuta palipoandikwa kupokea simu zenyewe, zima. Hedifoni ukizivua zirudishe kwenye kikasha chake, ufunge. Ndani ya kikasha zinalala; ndani ya mfuko wa aproni ziko macho, zinasikia kila kitu, kama ulivyojionea. Simu ya zamani usiichaji hata dakika moja na betri hiyo. Betri ikivimba haifungwi mpira, haitobolewi, inapelekwa kwa fundi simu aitoe. Betri mpya za simu hizo bado zinapatikana. Na laini yako bila shaka ilikatwa ikawa ndogo, kwa hiyo omba kile kifremu cha plastiki cha kuishikilia kabla hujaichomeka kule, la sivyo itakwama.

Hayo yamekwisha. Sasa nikuseme.

Redio? Mwanamke amekusikia ukicheka kwa miaka yote hiyo, leo umwambie alisikia redio? Hedifoni haikutunga neno hata moja, fundi. Ilifikisha tu. Ulimi hauna mfupa, ila wako ulipata na hadhira, ukanogewa. Umemvunjia heshima mkeo ili muuza sponji acheke!

Nami nakuelewa, usidhani sikuelewi. Ninyi wanaume mkiulizwa na wenzenu kama mmemkumbuka mtu, mnaona bora mseme mmechoka. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, nikatafuta mahali ulipombipu wewe tatu. Sikupaona. Yeye kila siku anakwambia amekukumbuka, wewe unamjibu umepata. Umepata nini, mzigo?

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu zamani. Wateja wangu wengi kitufe chao cha kupigia kilikuwa kimelika kabla ya vingine vyote, kwa kubipu. Tulicheka, tukawaita mabahili. Marehemu mama yangu naye alinibipu kila Jumapili, nami nilikuwa napiga kwa hasira, "Mama, nimekuwekea salio, si uongee!" Ananijibu, "Sina la kusema, mwanangu, nilitaka tu ujue nipo." Nilimkatia mara ngapi, sitaki kuhesabu. Leo nina dakika za bure hata sijui nimpigie nani, na Jumapili naichukia. Kwa hiyo ninapokuambia fanya haraka, nina sababu.

Anza na muuza sponji. Ulisema mbele yake, ukanushe mbele yake. Mwambie ulimdanganya, nyumba haijapoa, imekuwa baridi. Atakucheka. Mwache acheke, hata siku ile alicheka.

Kisha mpigie binti yako mkubwa, siyo mama yake, umwambie baba anakuja. Usiombe ruhusa ya mtu. Na usimbipu mke wako, hata mara moja. Lugha ile uliidharau akisikia, hivyo atakayeirudisha ni yeye, akitaka, siku akitaka. Wewe tumia mdomo, maana ndio uliokuponza.

Funga karakana, wateja wa makochi wamezoea kungoja. Simu mpya na hedifoni ziache kwa kitinda mimba. Panda gari la asubuhi, saa nane ikukute kwa binti yako. Akiwa anamwogesha mtoto, subiri amalize. Usianze na habari za mipangilio na vifaa vya kisasa, hakuna aliyekuuliza. Mwambie alichosikia ni kweli ulikisema, na kwamba ulikuwa unasema uongo. Halafu mwambie umemkumbuka, kwa neno lenyewe, mkitazamana.

Kama hatajibu, mpokee mtoto umbembeleze, na ukae hapo hapo.