Monga na neno "dire"

Mujukuu wangu Kabange,

Jambo. Huku Dilala tuko bazima, mama yako anakusalimia sana.

Unauliza kama uache kusoma kwa sauti mu klase, juu benzako banacheka Kifaransa yako. Upumbafu gani ule!

Yaya yangu Monga, mukubwa yangu mwenye tulisoma naye klase moja, ulimi wa Kiluba ulimugeuzia "li" kuwa "di". Siku moja mwalimu akauliza nani atasoma. Monga akasimama: "Mi nataka dire!"

Lire ni kusoma, dire ni kusema. Klase yote ikacheka, hata mi mudogo yake.

Monga akatuuliza: "Munacheka nini? Kitabu bila kuisema, nani ataisikia?"

Akasoma mupaka mwisho. Mwalimu mwenyewe akasahau kumukosoa.

Mi niliacha masomo mapema, lakini ile sauti mupaka leo naisikia.

Kesho simama, Kabange. Dire ile kitabu yote.

Nkambo yako