Sisimizi Ndani ya Kompyuta ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ya kwanza imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimewasha kompyuta nichape ratiba ya ibada ya Akina Mama — sisimizi hao! Wametoka kwenye matundu ya CPU kwa mstari, wamebeba mayai yao, hawana haraka wala haya. Wamehamia! Huku nje kuna maji, mle ndani kuna joto, nani angekataa? Nimewapulizia dawa ya mbu. Skrini imezima palepale. Sasa sijui nimewaua wao au nimeiua mashine.

Nimempigia Aanyu, binti yangu aliyeolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka; mimi niko huku Busia, upande wa Kenya. Mumewe Ikwap ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, na ukitafuta fundi kama yeye pande zote mbili za mpaka utachoka. Taabu ni kwamba fundi mwenyewe ni mkwe wangu. Kwetu Wateso mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Tangu waoane maneno yetu hayajai kijiko. "Hamjambo huko?" "Hatujambo, Mama." Basi. Tena hayo ni kupitia mlango.

Aanyu amecheka dawa ya mbu mpaka akakohoa. Nimemkataza asimwambie mumewe. Ameahidi.

Jioni nimecheza drafti kwenye simu. Mfalme wa Rock amenila kete zote, shetani yule! Tangu marehemu mume wangu Emoit aende, nyumba hii imekuwa kimya kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenifundisha drafti, kwa vizibo vya soda. Mwaka jana nikaipata mtandaoni, chumba kizima cha watu wa mpakani, wote wakali. Nikajiita Tanboi Mstaafu, yaani utingo wa lori, nikaweka picha ya lori. Wanaamini mimi ni mwanaume, kustaafu ni utani tu, niko kwenye foleni ya malori Malaba, nasubiri karatasi za forodha. Mimi, katibu wa Akina Mama! Mfalme wa Rock ni wa Tororo, kwenye lile jabali lao, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza; zaidi ya hapo simjui. Ananitukana, namtukana, kila jioni. Nalala nikicheka.

Jumanne, 4 Machi

Mungu wangu!

Nimeketi na sahani yangu ya ugali, simu mkononi, mchezo umekolea. Mfalme wa Rock akaandika — nanakili kama yalivyo:

"Tanboi, leo nacheza haraka. Kesho nakwenda Busia. Mama mkwe yangu, computer yake imeingia sisimizi, na yeye amepulizia hiyo sisimizi dawa ya mbu!"

Halafu akaweka vile vichwa vya njano vinavyocheka machozi. Safu nzima.

Simu imeniponyoka ikaangukia kwenye mboga. Nimeifuta na leso, nimesoma tena. Ni yeye. Ni Ikwap! Mtu niliyemwita jana "mkia wa mbuzi" ni baba wa wajukuu wangu, akipenda Mungu. Na Aanyu ameahidi, ati! Mdomo wa huyo mtoto hauna kufuli.

Nimezunguka nyumba. Nikasema nifute jina, nitoke. Lakini nikitoka, jioni itakuwa mimi na saa ya ukutani. Na nikijulikana je? Hapo ndiyo mbaya zaidi. Hatacheza nami tena, heshima haitamruhusu. Hata kunisalimia mlangoni itakuwa shida. Mimi sitaki hayo. Nataka mchezo wangu!

Nikamjibu: "Mwambie huyo mama aongeze na dawa ya mende."

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Asubuhi kanisani, nikiwa na majivu kwenye paji la uso, nimeapa kujinyima drafti mpaka Pasaka. Nimeapa kwa moyo wote. Nilikuwa sijui moyo wenyewe.

Kurudi nyumbani nimetoa CPU, nimeiweka kwenye stuli barazani, nikaingia ndani na kufunga mlango. Mildred jirani amekuja kuwa mtu wa katikati, yaani kupeleka chai na kuleta umbea. Ikwap amefika na boda. Amesalimia mlango. Nami nikaitikia kupitia mlango.

Nimesimama nyuma ya pazia. Nimemwona mgongo tu, mgongo si uso, nadhani unaruhusiwa. Amefungua mashine akapuliza na blowa — vumbi, sisimizi, mabawa ya kumbikumbi, na mjusi mkavu ambaye naye sijui alifuata nini. Amewaambia wale sisimizi pole. Kweli! Nimemsikia.

Hapo shetani akanigusa bega. Simu ilikuwa mfukoni. Mchezo wetu wa jana ulikuwa haujaisha. Nikasogeza kete moja tu, nikala zake mbili.

Ting! Huko barazani.

Ameshika simu, ametazama, amepiga paja. "Huyu Tanboi mshenzi! Iko kwa foleni ya Malaba na bado anakula mimi!" Mildred akamuuliza Tanboi ni nani. Akasema ni rafiki yake, mzee mmoja wa lori, mtu mbaya sana, ila yeye anampenda sana.

Nimecheka. Nimejiziba mdomo na pazia lakini kicheko kimetoka. Yeye akainamia kazi yake. Kiapo changu hakikufika hata mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejinyima sukari badala yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mashine inawaka vizuri. Haina sisimizi. Inanuka dawa ya mbu kidogo, lakini hata mimi nanuka Vicks.

Jioni nimefanya uchokozi. Nimemwandikia: "Huyo mama mkwe wako wa sisimizi, ni mbaya?" Nilitaka tu anisengenye nicheke, halafu nimtie adabu ubaoni.

Akaandika: "Hapana. Ni mtu mzuri. Juzi nasikia yeye anacheka ndani ya nyumba, kumbe anacheka! Mimi mama yangu ilikufa zamani. Siku ingine nataka kukaa na huyo mama, naongea tu maneno ya bure. Lakini haiwezekani. Heshima ni heshima."

Nimetazama ule ujumbe mpaka simu ikazima taa yenyewe. Nimeona uchungu, na nimeona aibu, na nimefurahi, yote kwa pamoja kama mtu mwenye homa.

Nimemwachia ashinde. Amegundua mara moja. "Tanboi, uko mgonjwa? Mbona unacheza kama mtu ya kanisa?"

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimekaa nichape majina ya ziara ya Akina Mama. Kompyuta imejizima, ikajiwasha. Ikajizima tena. Ikasema inajisasisha, nisiiguse. Mimi ni nani niiguse! Imemaliza bando yote. Halafu nimegundua modemu yake imeacha laini ya huku imeshika ya Uganda, kama kawaida yake ikikaa karibu na dirisha. Ikaanza kunitangazia viwanja vya Kampala.

Nimempigia Aanyu. Ameongea na mumewe pembeni, nikasikia wakinong'ona. Akarudi: Ikwap anasema si lazima asafiri. Kuna programu, nikiiweka, yeye ataingia kwenye kompyuta yangu akiwa palepale Tororo, na kuitengeneza.

"Ataingia wapi?" nikauliza.

"Kwenye kompyuta, Toto," akanijibu, yaani Mama kwa Kiteso. " Si kwenye nyumba."

Mildred alikuwa hapa, akaingilia. Yeye anasema kama mtu anaweza kufungua vitu vyako na kuvipanga, huyo ameingia nyumbani, hata kama miguu imebaki Tororo. Aanyu akasema mshale wa mausi hauna macho. Mildred akasema, je, anayeuendesha? Wamebishana kwa simu yangu, kwa chaji yangu, mpaka nikakata. Mwisho nimekubali. Majina yanatakiwa kanisani.

Baadaye ndipo nikakumbuka. Ile drafti! Niliiweka pia kwenye kompyuta, na kila nikiwasha mashine inajifungua yenyewe. Jina kubwa, picha ya lori, kila kitu. Ataingia tu na kukutana na Tanboi Mstaafu amejaa skrini nzima!

Nimejaribu kuizuia isijifungue. Nimebonyeza hapa, nimebonyeza pale. Maandishi yote ya kompyuta yamekuwa makubwa. Drafti bado inajifungua, sasa ni kubwa zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nikajiuliza, hapa mpakani ni fundi gani wa kompyuta anayeweza kunisaidia bila kujua shida yangu?

Usicheke, wewe daftari.

Jioni nimemwandikia Mfalme wa Rock: "Ndugu, kuna mchezo unajifungua wenyewe kompyuta ikiwaka. Nauzuiaje?"

Akajibu: "Tanboi, computer umetoa wapi kwa lori?"

Nikasema ni ya bosi. Akasema bosi akikukuta unacheza drafti kwa computer yake utafukuzwa. Nikasema ndiyo maana nauliza, mjinga wewe.

Basi akanifundisha. Kwa upole! Bonyeza hizi mbili pamoja, tafuta pale juu, usiguse hiyo ingine, umeona? Nilipokosea alisema hakuna neno, tunarudi nyuma. Hakunicheka hata mara moja. Hata yale maandishi makubwa akanirudishia. Marehemu Emoit mwenyewe hakuwa na subira hiyo, Mungu amrehemu, aliwahi kupiga redio kofi.

Nimezima mashine, nimewasha. Kimya. Drafti haikutokea! Nimecheza ngoma peke yangu kati ya kiti na kabati. Mkwe wangu kanisaidia nijifiche mkwe wangu asinijue. Nani mwingine Busia hii ana akili kama zangu?

Jumanne, 11 Machi

Ikwap alikuwa aingie kwenye kompyuta leo. Umeme umeenda tangu alasiri, nikiwa katikati ya mchezo, tena zamu yangu. Simu nayo haina chaji. Nimelala mapema na giza langu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika huku mambo yanaendelea. Kama mwandiko ni mbaya, ni kwa sababu hiyo.

Umeme umerudi. Aanyu amepiga, nimeweka simu kwenye spika. Nimemsomea namba zilizotokea kwenye skrini, naye akamsomea mumewe. Nimekubali pale waliposema nikubali. Halafu mshale ukaanza kutembea peke yake! Nimeondoa mkono kwenye mausi kama imeniunguza. Mshale umezunguka polepole, kwa adabu, haugusi kitu kisichohusika. Faili la picha zangu ameliruka. Lenye barua za ofisi ya zamani ameliruka. Nikajisemea, huyu kijana amelelewa.

Amefunga vitu vilivyokuwa vinakula bando. Amefuta takataka. Aanyu akawa anatangaza kama mtangazaji wa mpira: sasa anafanya hivi, Toto, sasa vile. Mashine ikaanza kupumua. Nimemwambia Aanyu amwambie asante. Amemwambia. Akasema amesema karibu, Mama.

Nikanyanyuka niweke chai. Na hapo, chini pembeni ya skrini, kikajitokeza kibao kidogo:

"Tanboi Mstaafu, ni zamu yako! Mfalme wa Rock anakusubiri."

Mshale ukasimama.

Niliuzuia mchezo usijifungue. Sikujua kwamba una kikumbusho chake, na kikumbusho hakijui mkwe wala mama mkwe.

Sijagusa kitu. Yeye hajagusa kitu. Kile kibao kimebaki pale kinameremeta. Kule upande wa pili nimesikia kiti kikianguka.

"Toto," Aanyu akasema, "umemfanya nini mume wangu? Amejifunika uso na kile kitambaa cha kufutia skrini! Ikwap, ni nini? Amejifunika uso, na mkono mmoja bado uko kwa mausi."

Nami, bila kufikiri, nimejifunika na leso. Ndani ya nyumba yangu, mbele ya kompyuta! Nimekwisha. Jioni zangu zimekwisha. Kesho atafuta jina lake, ataanza kusalimia mlango kwa sauti ndogo, na mimi nitakaa hapa nihesabu matangazo ya viwanja vya Kampala. Nimetaka kuchomoa waya ukutani. Mkono haukukubali.

Nimechungulia chini ya leso. Mshale umeanza kusogea. Polepole, polepole. Nilidhani unaenda kwenye ule msalaba wa kufungia. Umeupita. Umeenda kwenye kibao. Umebonyeza.

Ubao wetu umefunguka, kete zake na zangu, pale umeme ulipotuachia. Na mshale haukukaa hata kidogo juu ya kete — umetoka ubaoni, umeenda pembeni kabisa mwa skrini, umesimama huko. Hivyo ndivyo mkwe anavyotoka njiani na kusimama majanini, ili mama mkwe wake apite kwanza.

Aanyu anauliza kuna nini. Anauliza amwambie Ikwap nini. Naona kete zake mbili hazina mlinzi, na yeye anajua ninaziona. Nimeweka leso chini, mkono wangu uko juu ya mausi —