Kiinua Mgongo Changu Hakinunui Gari

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamka saa kumi na moja. Mwili haujui kwamba nimestaafu. Miaka ishirini na sita ya kupeleka watalii kreta kutazama wanyama haifutiki kwa barua moja. Nimechemsha chai, nimefagia uwanja, nimepalilia migomba. Saa mbili sina kazi.

Kiinua mgongo kimeingia benki Ijumaa. Sijakigusa. Wanaojua kiasi ni wawili: mke wangu Nashipai, na mdogo wangu Fabiano, ambaye nilishindwa kujizuia kumwambia. Kosa.

Mpango uko wazi. Sehemu kubwa ninunue hati fungani. Naikopesha serikali, inanilipa riba kila miezi sita, muda ukiisha inanirudishia mtaji wangu. Sehemu nyingine niiweke benki amana ya mwaka mmoja. Kidogo kiende kwenye vipande vya mfuko wa pamoja wa uwekezaji, ambavyo naweza kuviuza upesi nikiugua. Ada ya binti yetu Agnesi, chuo cha uuguzi, itoke kwenye riba. Mtaji usiguswe.

Jumatano, 5 Februari

Benki. Binti wa dawati la uwekezaji ni mdogo kuliko Agnesi lakini anajua kazi yake. Akaniuliza, "Mzee, hati hizi ni za miaka mingi. Una hakika hutaihitaji hela hii kesho?" Nikamwambia ndiyo maana naigawa mafungu matatu. Akatabasamu. Nimejaza fomu, nimefunguliwa akaunti ya hati. Mnada wa hati ni Jumatano ijayo, nitoe idhini kabla ya Jumanne jioni.

Nimerudi kwa miguu, vumbi jekundu mpaka magotini. Najisikia vizuri.

Ijumaa, 7 Februari

Fabiano amekuja. Yeye ni mfanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola, ana maneno matamu na mguu mwepesi. Ameona Landkruza ya watalii inauzwa mjini Mto wa Mbu. Imerefushwa, paa linanyanyuka, viti saba. Mwenyewe anaacha biashara.

"Kaka, umeendesha magari ya watu maisha yako yote. Hutaki la kwako?"

Nilimjibu nitatafakari. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu: nalitaka. Nalitaka sana.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbaya. Baada ya ibada Fabiano alinivuta pembeni. Amekwishampa mwenye gari malipo ya awali. Faida yote ya vitunguu vya msimu huu. Alimwahidi kwamba mimi, kaka yake, nitamalizia Jumatatu. Nisipomalizia, hela yake imekwenda.

Hakuniuliza. Nilikasirika sana.

Jioni Nashipai alikuwa anaosha vyombo. Alizaliwa Olbalbal, kwa wafugaji wa Kimaasai. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kwetu hakuna anayelaza ng'ombe wote boma moja. Wengine wako kwa mjomba, wengine kwa shemeji. Ugonjwa ukiingia kwako, bado una ng'ombe."

Nikasema hilo nalijua.

"Kama unalijua, mbona unapigia hesabu viti vya gari?"

Kweli. Nyuma ya karatasi ya benki nilikuwa nimeandika: viti saba, safari ngapi kwa mwezi, mafuta. Sikujua ameiona.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeshuka na Fabiano mpaka Mto wa Mbu. Nilitaka gari liwe bovu. Lingenirahisishia.

Si bovu. Nililipandisha ukingo wa bonde mpaka juu. Injini safi, gia laini kama siagi. Nilitafuta kasoro kila mahali, nikapata shokapu mbili zilizochoka. Fabiano alikaa pembeni yangu anachekelea kama bwana harusi.

Lakini kwenye kona ya pili mgongo ulianza kuuma. Kufika juu siwezi kugeuza shingo. Nilisimamisha gari. Nilikumbuka mwaka wa korona. Magari yetu yote yalilala yadi mpaka majani yakaota chini ya matairi, na bosi wangu, tajiri, akauza nyumba. Mimi sina nyumba ya pili. Nikilinunua, itabidi nimwajiri dereva. Aprili na Mei wageni hakuna, mshahara upo. Tairi, bima, leseni. Fungu moja, boma moja.

Tuliporudi nilimwambia mwenye gari: gari lako ni zuri, silinunui. Nikamweleza ukweli, kwamba mdogo wangu aliahidi hela isiyo yake. Ni mzee wa Kiislamu, mpole. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kuna mnunuzi alimrudisha kwa ajili yetu, na huyo kashanunua kwingine. Akakata robo ya malipo ya awali, akarudisha robo tatu. Hakulazimika. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Fabiano alipokea hela bila kuitazama. Alipokuwa anashuka kwenye basi hapa Karatu alisema neno moja tu: "Umeniaibisha."

Jumanne, 11 Februari

Benki saa tatu. Nimesaini mafungu yote matatu.

Nimempigia Fabiano mara tatu. Hapokei. Nashipai anauliza kama nitamfidia ile robo. Hapana. Nikimfidia, mara ijayo ataahidi tena kwa jina langu.

Niko sahihi na nina huzuni. Vyote viwili.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Uwanja umekuwa matope, watu wanakimbilia mashamba. Mwezi mzima Fabiano hajakanyaga hapa. Kanisani anakaa upande wa pili.

Leo saa kumi alitokea, amelowa, na gunia la vitunguu begani. Alilitua jikoni. Nashipai akampa kanga ajifute na kikombe cha chai. Tuliongea mvua. Tuliongea bei ya mbolea. Kisha Fabiano, akiitazama chai:

"Vile vipande vyako, mtu anaanza na shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo. Ila unaongeza kila ukivuna. Na havipandi mbio kama vitunguu."

"Wala haviozi," akasema.

Hakuomba radhi, nami sikuidai. Jumatatu tunaenda wote benki, atanunua kwa ile hela aliyorudishiwa. Si yote. Nimemwambia abakize ya mbegu.

Jumatano, 13 Agosti

Baridi na ukungu. Saa nne simu imelia ujumbe: riba ya kwanza ya hati fungani. Kiasi kilekile alichoniambia yule binti wa benki, hadi shilingi ya mwisho. Nimeusoma mara mbili. Sikuinua jembe, sikushika usukani. Imekuja.

Ada ya Agnesi nimeilipa kabla ya saa sita. Amepiga simu kuuliza nimekopa wapi. Nimemwambia safari hii mkopeshaji ni mimi.

Imebaki kidogo. Najua cha kuifanyia.

Jumapili, 17 Agosti

Kwa riba iliyobaki tumeshuka kreta, mimi na Nashipai, gari la kukodi tumechangia na majirani. Amekulia chini ya milima hii na hajawahi kuingia ndani kutembea tu. Dereva ni kijana niliyemfundisha mwenyewe. Aliniachia kiti cha mbele, nikakikataa. Nilikaa nyuma na mke wangu.

Miaka yote nilikuwa natazama barabara. Leo nimetazama ukingo, jinsi ukungu unavyomwagika juu yake na kuisha kabla haujafika chini. Sikuwa nimeuona hivyo.

Karibu na ziwa Nashipai alinionyesha ndege mkubwa anatembea polepole kwenye nyasi kavu. Akauliza anaitwaje. Mimi jina lake nalijua kwa Kiingereza tu. Yeye akanitajia la Kimaasai. Dereva alizima injini. Tulimtazama hadi akaruka.