Siku Niliyokula Pongo

Korogwe, 4 Agosti 2025

Baba, shikamoo,

Natumaini kifua kimetulia na mahindi mmeshavuna. Mimi ni mzima nusu. Kipimo cha kamera kimefanyika: utumbo mpana umevimba na una vidonda, na daktari anasema ni ugonjwa wa kukaa nao. Kilichouchochea hakijui. Ameniuliza habari za maziwa, pilipili, dawa za maumivu, mpaka maji ya kisima. Ni mdadisi kama mimi, tunapatana.

Kabla ya kunianzishia dawa aliuliza kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru. Nikasema hakuna, ila nina madoa meusi mdomoni tangu nilipokula nyama ya pongo, mwiko wa ukoo wetu, kwa Mama mdogo Maryamu nikiwa na miaka saba. Akaweka kalamu chini. "Siku hizo ulikuwa umemeza dawa gani?"

Dawa anayotaka kunipa ina salfa, na kwa mwili unaoikataa inaweza hata kuua. Mimi sikumbuki, naye atangoja jibu hadi Jumatatu tarehe 18. Mama angekuwa hai ningemuuliza yeye. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia jina la Mama mdogo unakata.

Mwanao,
Husna

Kwamsisi, 8 Agosti 2025

Mwanangu Husna, marahaba,

Kifua hakijambo, mahindi yako ndani, na panya nao wamejikaribisha. Hiyo kamera inaingilia wapi? Jirani yetu Kibwana anasema mdomoni, mimi nasema haiwezekani. Tumebishana hadi alasiri.

Kuhusu pongo, yaliyopita si ndwele. Ulikula mwiko, midomo ikababuka, wazee wakasema, Maryamu akatozwa mbuzi wa tambiko. Dawa haikuhusika.

Baba yako,
Mhina

Korogwe, 11 Agosti 2025

Baba, shikamoo, na pole kwa panya,

Kamera inaingilia nyuma. Kibwana ameshindwa, ila usimweleze sana.

Nimeanza daftari la kila kinachopita kinywani. Maziwa, kimya. Pilipili, kimya. Nilipomeza dawa ya maumivu ya mgongo, siku ya pili damu ikarudi chooni. Daktari anasema huenda ni kichochezi kimojawapo, tuendelee kuangalia.

Daftari limenizoesha kuuliza. Kaka Adamu alikula chungu kile kile, ni wa ukoo ule ule, na aliongezewa mara mbili. Mbona hakuota hata kipele? Ni mwiko gani huo unaochagua watoto?

Baba, mwili ni wangu na Jumatatu inakaribia. Naogopa.

Mwanao,
Husna

Kwamsisi, 14 Agosti 2025

Mwanangu Husna,

Salamu ni zile zile. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekuongopea tena.

Siku ile ulikuwa na homa. Asubuhi nilikumezesha vidonge vya malaria, vya salfa, mchana ukaenda kwa Maryamu. Jioni ukababuka, nami nikawa wa kwanza kusimama mbele ya wazee kumlaumu. Mwalimu mzima.

Mwaka uliofuata homa ilirudi, nikakupa vidonge vile vile. Pongo hukuonja, na midomo ikababuka pale pale. Siku hiyo nilijua. Niliona haya kuwarudia wazee, nikawa nawanong'oneza wauguzi wasikupe salfa, basi. Juzi nimekaribia kukuua kwa haya hiyo hiyo.

Mpe daktari barua hii. Hussein wa bodaboda ataifikisha mkononi mwako leo. Nisamehe.

Baba yako,
Mhina

Korogwe, 18 Agosti 2025

Baba, shikamoo,

Daktari ameandika HAPANA SALFA kwa wino mwekundu juu ya faili langu, na amenichagulia dawa nyingine. Alifurahi kama aliyeokota kitu njiani. Kwa upande wangu nimekusamehe, ingawa Ijumaa nzima nilikuwa na hasira.

Mama mdogo alishuka kutoka Vugiri kunisindikiza kliniki. Nilimpa barua yako. Aliisoma mara mbili, akaikunja, hakulia wala hakutukana. Akaniuliza jambo moja tu: siku ulipomkataza asije kumzika Mama, dada yake wa tumbo moja, ulikuwa umeshajua?

Jibu ninalo, maana Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sikumpa. Yuko hapa kwangu hadi Ijumaa, na anataka alisikie kinywani mwako.

Mwanao,
Husna